Namba Tasa ya Mwalimu Obedi

Mwaka wa kwanza wa ndoa yake, Rebeka alidhani ameolewa na mcha Mungu. Kila alfajiri, kabla hajawasha moto, alimkuta mumewe Obedi amekaa ukingoni mwa kitanda, macho ameyafumba, midomo inacheza bila sauti. Alimwacha amalize. Siku moja akamuuliza anamwombea nani kwa bidii namna ile.

"Simwombei mtu," Obedi akajibu huku akiona aibu kidogo. "Nagawanya."

Alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule moja ya sekondari huko Ilemela, na hapo ndipo alipofundisha mpaka akastaafu. Baba yake, mzee Malimi wa Misungwi, alikuwa mfugaji, na alitaka mwanawe huyu achunge ng'ombe kama kaka yake Chenge. Lakini Obedi alipoingia darasani alikuta kitu kilichomvuta kuliko zizi, na kuanzia siku hiyo mzee akawa amempoteza. Alirudi nyumbani wakati wa likizo tu, akiwa na chaki mfukoni na shati limekwajuka mgongoni.

Kilichomteka zaidi ya vyote ni namba moja. Alikutana nayo chuo cha ualimu, akakaa nayo maisha yake yote. Wanafunzi wake waliijua kabla hawajajua jina lake kamili, na ndiyo maana walimpachika jina la Bilioni Mbili. Kila mwaka, kidato kipya kilipoanza, aliwasimulia vilevile.

"Mna ng'ombe mmoja," aliwaambia. "Kazaa, wamekuwa wawili. Wawili wamekuwa wanne, wanne wamekuwa wanane. Zizi lijae maradufu hivyo hivyo mara thelathini na moja, halafu fisi aje achukue ndama mmoja. Wamebaki wangapi?"

Wengine walianza kuhesabu kwa vidole. Naye aligeukia ubao akaandika taratibu, tarakimu moja moja: 2147483647. Kisha akaisoma kwa sauti ya mtu anayeita jina la mzazi wake: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba.

"Sasa baba amefariki. Watoto wanataka kugawana sawa kwa sawa. Wawe wawili, haiwezekani. Wawe saba, haiwezekani. Wawe elfu kumi, bado haiwezekani, lazima kuna atakayepunjwa. Hii ni namba tasa. Inagawanyika kwa moja na kwa yenyewe, basi."

Aliyejitia mjanja akadai kwamba kila zizi la namna hiyo litakuwa tasa, alimpa kazi ya nyumbani: ajaze zizi maradufu mara kumi na moja, amtoe ndama mmoja, alete jibu. Kijana alirudi kesho yake na elfu mbili na arobaini na saba, akiwa ameshagundua kwamba inagawanyika kwa ishirini na tatu. "Umeona?" Mwalimu Obedi alifurahi kama vile kosa lile lilikuwa zawadi. "Hazitabiriki. Kila moja lazima uipime yenyewe."

Na ile ya kwake alikuwa ameipima. Chuoni, wenzake walipoenda likizo, yeye alibaki bwenini na karatasi. Alimweleza Rebeka mara nyingi jinsi alivyofanya, na Rebeka, ambaye shule yake iliishia darasa la saba, alikuja kuielewa njia hiyo kama mtu anavyoielewa njia ya kwenda kwa wakwe: hajui nani aliichonga ila anaijua. Si lazima ujaribu kila kigawanyo mpaka mwisho, Obedi alisema. Kama namba inagawanyika, moja ya sehemu zake itakuwa ndogo, haitavuka elfu arobaini na sita na kitu. Tena zizi kama hili halikubali kigawanyo chochote tu. Linakubali kile tu ambacho ukikigawa kwa sitini na mbili kinabakiza moja. Ukichuja hivyo, halafu ukachuja tena, vinabaki vichache, navyo mtu mwenye subira anaweza kuvimaliza kwa mkono. Alivimaliza. Kila kimoja kilibakiza baki.

"Watu wa Ulaya waliijua zamani," alisema, "lakini mimi sikuambiwa. Nimeipima mwenyewe."

Kulikuwa na sababu nyingine iliyomfanya Rebeka aipende namba ile, na hiyo hakumwambia mtu. Miaka ya mwanzo hawakupata mtoto. Mama mkwe alikuja kutoka Misungwi, akakaa sebuleni siku nzima na kanga yake begani, akasema maneno, na neno moja alilirudia mpaka likaenea chumba kizima: tasa. Mwanangu kaoa tasa. Obedi alitoka kazini akakuta mkewe jikoni anakatakata mchicha uliokwisha kukatwa.

Hakumbembeleza. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Alivuta kigoda akakaa karibu naye.

"Unajua kwa nini namba zile zinaitwa tasa?" akamuuliza. "Kwa sababu walioziita hivyo walitazama upande mmoja tu. Kweli hazigawanyiki. Lakini namba nyingine zote zimetoka kwao. Sita ni mbili mara tatu. Thelathini ni mbili mara tatu mara tano. Chukua namba yoyote unayotaka, ivunje, chini kabisa utakuta tasa. Ukiziondoa hizo, hesabu nzima haipo." Akamtoa kisu mkononi. "Mama atarudi kwake kesho. Wewe hapa ni kwako."

Rebeka hakuelewa yote, ila alielewa kwamba hafukuzwi. Baadaye Selina alizaliwa, mtoto wao huyo mmoja, na mama mkwe akaja tena na kuku wawili na uso mwingine.

Walijenga mtaa wa Pasiansi, nyumba ndogo juu ya mawe, ambapo ukisimama mlangoni unaliona ziwa kati ya mapaa ya mabati. Jirani yao alikuwa Mzee Mbaruku, fundi bati, mtu wa mjini tangu babu zake. Mwanawe Khalidi alifundishwa na Obedi, akachapwa na Obedi kwa kunakili majibu ya mwenzake, kisha akafundishwa tena na Obedi jioni barazani bila malipo. Sasa Khalidi alikuwa mhadhiri wa hesabu katika chuo kimoja upande wa Nyegezi. Obedi hakujivunia kitu kingine chochote wazi wazi kama alivyojivunia hilo.

Baada ya kustaafu, kazi yake ikawa drafti. Kila jioni yeye na Mzee Mbaruku walikaa chini ya upenu na ubao wao wa mbao na vizibo vya soda, wakatukanana kwa upole mpaka giza liingie. Obedi alishinda karibu kila siku. Halafu akaanza kufungwa. Rebeka aliona, akadhani ni uzee. Hakujua kwamba Mbaruku alikuwa akijitahidi kumwachia ashinde na hakuweza, maana Obedi alisogeza vizibo vya mwenzake, au akarudisha nyuma kisichoruhusiwa kurudi. Mbaruku hakumwambia mtu. Alirudisha kizibo mahali pake kimya kimya, akasema, "Zamu yako, Mwalimu."

Mambo mengine yalifuata. Alitoka kwenda sokoni Kirumba, njia aliyoipita maisha yake yote, akarudishwa na mwendesha bodaboda aliyemkuta amesimama barabarani anasoma vibao vya maduka. Siku nyingine wakiwa mezani aliuliza Chenge atafika saa ngapi. Chenge alikuwa amekufa zamani, na Obedi mwenyewe ndiye aliyeshika kichwa cha jeneza.

"Ulisinzia?" Rebeka akamuuliza.

Obedi alimtazama, na Rebeka akaona kitu ambacho hakijawahi kuwepo machoni mwa mume wake: hofu ya mwanafunzi aliyeulizwa swali ambalo hakusoma. "Nilisinzia," akasema.

Kuanzia hapo akarudi kwenye namba yake. Hakueleza kwa nini, lakini Rebeka alijua: mtu akihisi nyumba inatikisika hushika nguzo anayoiamini. Alichukua kalenda za zamani, akazigeuza upande mweupe, akaanza kuipima upya tangu mwanzo, kigawanyo kimoja kimoja, kama alivyofanya ujana wake. Asubuhi alikaa barazani na kalamu, mchana Rebeka alimletea ugali na dagaa, akala huku anatazama karatasi. Ilikuwa miezi ya amani. Selina, ambaye alikuwa na cherehani zake karibu na stendi ya Nyegezi na alikuja kila Jumamosi, alimwambia mama yake, "Mwache. Afadhali hivyo kuliko kuzurura."

Asubuhi moja Rebeka alikuwa anaanika nguo. Akasikia kiti kimeanguka.

"Mama Selina! Mama Selina, njoo!"

Alimkuta amesimama, karatasi mkononi, machozi yanamtiririka mpaka kwenye mvi za kidevu. Alidhani ameumwa na nyoka.

"Imegawanyika," Obedi akasema. "Kwa elfu mbili mia saba ishirini na tisa. Haikubakiza kitu. Sifuri. Tazama."

Rebeka akatazama. Aliona ngazi ndefu ya tarakimu inashuka, na chini kabisa sifuri moja iliyozungushiwa duara mara nyingi mpaka karatasi ikatoboka.

"Umeona?"

"Nimeona," Rebeka akajibu. Hakuwa ameona chochote.

"Watoto wote wale," akasema Obedi. Alikaa chini kwenye sakafu ya baraza, mtu mzima na suruali yake ya heshima. "Maisha yangu yote nimesimama mbele yao nikawaambia uongo."

Selina alipofika Jumamosi alitoa simu, akaingiza namba, akagawanya, akamwonyesha baba yake jibu lenye nukta na tarakimu nyuma yake. "Baba, haigawanyiki. Ona mwenyewe, kuna baki."

"Simu inakadiria," Obedi akasema. "Namba kubwa inaikadiria. Mimi nimefanya kwa mkono." Na kwa kuwa hakuwahi kushindwa hesabu na mtu yeyote wa nyumba ile, neno lake lilibaki limesimama.

Jumapili, wakati wa matangazo kanisani, alinyanyuka kabla hajaitwa. Akaeleza kwamba namba aliyofundisha kuwa ni tasa si tasa, kwamba yeye ndiye aliyeligundua hilo, na kwamba anawaomba msamaha wote waliopita mikononi mwake. Waumini hawakuelewa ila maneno mawili, amegundua na msamaha, na yote mawili yanapokewa vizuri kanisani. Wakapiga makofi. Mama mmoja akapiga vigelegele. Obedi akasimama katikati ya makofi yale amenywea. Rebeka alitamani ardhi ipasuke, si kwa aibu ya kanisa, bali kwa kuwa alijua sasa jambo hili halitaishia nyumbani.

"Niitieni Khalidi," Obedi akasema walipofika nyumbani. "Yeye ataisoma. Akisahihisha yeye, nitaandika kwa wakubwa wa elimu."

Khalidi alikuja katikati ya wiki, mchana, amevaa shati la kazini. Selina alikuwa amefunga duka ili awepo. Alimzuia getini, kabla hajaingia.

"Kaka Khalidi, nakuomba. Mwambie amepatia. Sema umeangalia na iko sawa. Wewe itakupunguzia nini?"

"Dada Selina, anataka kuandika barua. Watu watamcheka."

"Hataandika. Baada ya wiki atakuwa amesahau. Unaona hali yake. Mwache abaki na kitu."

Khalidi akamgeukia Rebeka aliyekuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha jikoni mkononi. "Shikamoo mama. Wewe unasemaje?"

Rebeka alikuwa na la kusema, lakini lilikuwa na vichwa viwili. Akimwacha mumewe aamini namba imevunjika, atabaki na ugunduzi wake, lakini pia atabaki na watoto wote wale aliowadanganya, na kila asubuhi atalia upya. Akiambiwa namba ni nzima, basi kilichovunjika ni kitu kingine. Alizitazama njia zote mbili na hakuona aliyoweza kumsukumia mtu.

"Marahaba," akasema. "Ingia kwanza. Chai inapoa."

Maneno hayo alikuja kuyajutia kuliko yote aliyowahi kuyatamka.

Obedi alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa koti. Karatasi ilikuwa mezani, imenyooshwa kwa viganja. Khalidi alipoinama kumsalimia, mzee hakuitikia shikamoo yake, alimsogezea kalamu nyekundu.

"Nisahihishe kama nilivyokuwa nakusahihisha wewe," akasema. "Usinionee haya. Mwanafunzi akionewa haya ameibiwa."

Khalidi akakaa. Rebeka alimwona anasoma kutoka juu kushuka chini, kidole kinatangulia. Haikuchukua muda. Kidole kilifika mahali kikasimama, kikarudi juu kidogo, kikasimama palepale tena. Hakushuka zaidi. Selina alikuwa nyuma ya kiti cha baba yake, anamtikisia Khalidi kichwa: usiseme.

"Mwalimu," akasema Khalidi, "chai hii tamu sana, ngoja kwanza ninywe…"

"Umefika wapi?"

"Nimefika hapa."

"Hapo pana nini?"

Khalidi aliweka kikombe. Sauti yake ikawa ya chini, kama ya mtu anayesoma dua. "Hapa umezidisha kwa nane, Mwalimu. Ulipofika kwenye saba, umeandika hamsini na nne."

"Ndiyo. Na ngapi ilitakiwa?"

Obedi akachukua karatasi, akaisogeza karibu na uso. Akaitazama kwa muda. Kisha akaanza mwanzo, kama vile watoto wanavyosomeshwa, akigonga meza kwa kidole kila hatua.

"Saba mara moja, saba. Saba mara mbili, kumi na nne. Saba mara tatu, ishirini na moja." Sauti yake ilikuwa imara, ya darasani. "Saba mara sita, arobaini na mbili. Saba mara saba, arobaini na tisa. Saba mara nane…"

Kidole kilibaki hewani.

Rebeka alilijua jibu. Darasa la saba la Misungwi lilimtosha kwa hilo. Lilikuwa limekaa mdomoni mwake tayari, na alihisi kwamba akilitoa atakuwa amemvua mume wake nguo mbele ya wageni. Akang'ata midomo. Nje, mtu alipita anauza sato, akiita kwa sauti ndefu, na sauti ikaenda ikapotea mtaani, na Obedi alikuwa bado hajashusha kidole.

"Saba mara nane," akasema tena. Akamgeukia mkewe, uso wake umekuwa mdogo. "Iko hapa karibu. Naiona mgongo."

"Hamsini na sita, baba," Selina akasema, akaangua kilio.

Obedi hakumtazama. Alimrudishia Khalidi karatasi. "Weka alama ya kosa."

"Mwalimu, si lazima."

"Weka."

Khalidi akaweka. Alama ikatoka kubwa kuliko alivyotaka.

"Chini yake kuna mengine?"

"Yapo."

"Baki halisi ni ngapi?"

Khalidi alipiga hesabu pembeni ya karatasi. "Mia saba tisini na tisa."

"Kwa hiyo namba ni nzima."

"Ni nzima, Mwalimu. Ni tasa kama ulivyotufundisha. Hukudanganya mtu."

Obedi alitikisa kichwa mara kadhaa kukubali, kama mtu aliyeletewa habari za safari ya mbali. "Basi mbovu ni mimi," akasema.

Akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye mkono wa kiti, akaenda chumbani kulala ingawa jua lilikuwa bado kali.

Wiki iliyofuata walimpeleka hospitali. Daktari, dada wa umri mdogo mwenye sauti ya upole, alimwambia achore saa, ataje miezi, ahesabu kurudi nyuma. Aliposikia neno hesabu Obedi aligeukia ukutani, akakataa kufungua mdomo. Daktari aliwaeleza Rebeka na Selina ukumbini kwamba ubongo unanyauka, kwamba zipo dawa za kupunguza mwendo kidogo lakini hakuna ya kuurudisha, na kwamba ugonjwa ulikuwa umeanza zamani. Selina aliuliza swali moja tu: mshtuko unaweza kuuharakisha? Daktari akasema hajui, huenda, ni vigumu kusema. Selina hakusikia zaidi ya "huenda".

Kweli mzee alishuka haraka. Kalamu hakuishika tena. Kiswahili kikaanza kumtoka, kwanza maneno ya shule, halafu ya sokoni, mwisho hata ya mezani, akabaki na Kisukuma cha utoto wake, cha kuita ng'ombe na kuomba maji. Rebeka alishukuru kwamba walau hicho wanacho wote wawili. Selina, aliyezaliwa mjini, hakukijua vizuri. Alipomwogesha baba yake ilibidi mama atafsiri.

Mzee Mbaruku aliendelea kuja jioni. Alipanga vizibo kwenye ubao, akacheza pande zote mbili peke yake, akisema, "Umenifunga leo, Mwalimu," na Obedi alitabasamu kwa adabu kama mtu anayepongezwa kwa jambo la jirani. Khalidi naye alikuja kila Ijumaa baada ya sala, na wembe na sabuni. Alimnyoa mwalimu wake, akamkata kucha, akamtembeza mpaka kwenye jiwe ambako upepo wa ziwa unafika. Siku za Ijumaa Selina hakukanyaga Pasiansi.

"Yule mtu simtaki mbele ya macho yangu," alimwambia mama yake. "Baba alikuwa anaongea. Alikuwa anajua jina langu. Kamkata kwa kalamu nyekundu, kisha anakuja kumnyoa ndevu!"

"Baba yako mwenyewe alimwomba amsahihishe."

"Na mimi nilimwomba asisahihishe. Ulinisikia. Na wewe ulisema nini, mama? Ulisema chai inapoa."



Masika yalipoanza, Obedi alitoka nyumbani alfajiri moja Rebeka akiwa ameenda uani. Mvua ilikuwa imenyesha, mawe yanateleza. Wanawake waliokuwa wanakwenda kuanika dagaa walimkuta chini ya mwamba, karibu kabisa na maji, mguu umepinda vibaya, anaita ng'ombe kwa Kisukuma, mmoja mmoja kwa jina. Walimbeba kwa kanga zao. Nyonga ilikuwa imevunjika. Hospitalini mapafu yakajaa maji, na kabla ya mwezi kuisha akafa, Rebeka akiwa ameshika kisigino chake kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na mirija.

Walimzika Misungwi, kando ya Chenge. Wanafunzi wake wa zamani walikuja wengi, wengine na mvi, wengine na magari, wakasimama kwenye matope na kunong'onezana habari za fimbo zake. Padri wala mchungaji hakuna aliyejua la kusema juu ya mtu wa hesabu, wakasema alikuwa mwadilifu, na ilikuwa kweli.

Khalidi alikuja na baba yake. Zamu ya kutupia udongo ilipofika, alipiga hatua kuelekea kaburini, na Selina akasimama mbele yake.

"Wewe hapana," akasema. Hakupaza sauti. Waliosikia ni wa mstari wa mbele tu.

Khalidi alisimama na udongo mkononi. Mzee Mbaruku akainamisha kichwa.

Ndipo Rebeka alipotoka kwenye mkeka wa wafiwa. Shemeji zake wakataka kumshika, akawakatalia. Alimfikia binti yake akamwambia mbele ya watu, kwa Kiswahili kilicho wazi ili kila mmoja asikie: "Aliniuliza mimi, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuwa mke wake, na mimi ndiye niliyenyamaza. Kama unamtafuta mtu, nipo hapa."

Selina alimtazama mama yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Kisha akasogea pembeni. Hakusema amesamehe, na hakusema hajasamehe. Khalidi akatupa udongo wake, akaondoka bila kungoja chakula.

Rebeka hakurudi Pasiansi. Nyumba walipangisha watu wa Ukerewe, naye akabaki Misungwi kwenye shamba la wakwe, analima mihogo na mtama na wake za watoto wa Chenge. Selina humpigia simu Jumapili. Wanaulizana mvua, wanaulizana miguu, Selina anaeleza bei ya vitambaa ilivyopanda na mteja aliyekataa gauni lake. Kila mmoja anasikia mwenzake anapumua. Halafu mmoja wao anasema chaji inaisha, na wanaagana.